Gitaa Halidanganywi: Dogo wa Singida na Wimbo wa Tatu

Singida mjini kuna stori moja imezunguka sana vijiweni, kuanzia Majengo mpaka Misuna, na kila anayeisimulia anaimalizia kivyake. Inamhusu dogo mmoja mpiga gitaa. Jina lake halina haja ya kuandikwa hapa, wanaomjua wanamjua. Kitaa kizima kinamwita Fundi. Harusi, sendofu, kipaimara, ukisikia gitaa la solo linalia vizuri, basi asilimia kubwa ni yeye.

Sasa bendi moja ya Dodoma ilikuwa inatafuta mpiga solo. Siyo bendi ya kubahatisha. Ni bendi yenye mikataba ya hoteli, inayopiga Ijumaa mpaka Jumapili na kulipa kwa mwezi. Dogo akaitwa kujaribiwa. Akapanda basi na gitaa lake, gitaa ambalo mama yake alilinunua kwa hela ya magunia ya alizeti. Mtaani watu wakaanza kumuaga kabisa, kama mtu anayehama.

Wimbo wa kwanza alikinukisha. Wimbo wa pili wakaanza kutingisha vichwa. Wimbo wa tatu, muimbaji akasema leo koo limekaza, akaomba kii ipande nusu toni. Kwa wasiojua, ni kitu kidogo tu, kama kuhamisha kiti hatua moja. Dogo akaingiza mkono mfukoni kutafuta kapo. Kiongozi wa bendi akamwambia, "Hapana kijana, piga bila hiyo." Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kutegemea nyuzi za wazi, na kii mpya haikuwa nazo. Akapotea. Kiongozi akamwambia basi tuache hiyo, rudi kii ya zamani, ila upige taratibu nikusikie vizuri. Na taratibu napo akashindwa! Wimbo ambao anaupiga kwa kasi kila wiki, polepole haukutoka.

Akarudi Singida na basi la jioni.

Tangu siku hiyo kitaa kimegawanyika. Wapo wanaosema kuna mkono wa mtu. Wapo wanaosema ni figisu, watu wa Dodoma hawataki kijana wa Singida ale hela yao. Wapo wanaosema kipaji kimeisha. Lakini ukweli ni mwepesi zaidi na unauma zaidi: dogo hakulogwa wala hakuonewa. Dogo alikuwa hafanyi mazoezi. Alikuwa anapiga gitaa kila siku, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kupiga kila siku siyo mazoezi

Majirani ndio mashahidi. Kila siku saa kumi na moja jioni Fundi alikuwa anatoka na amplifaya yake ndogo, anakaa pale kijiweni, washkaji wanamzunguka, simu zinatolewa kwa ajili ya kurekodi. Anapiga mwanzo wa sebene moja kali. Watu wanashangilia. Akikosea katikati, anacheka, anarudi mwanzo. Akikosea tena palepale, anarudi tena mwanzo. Giza likiingia anafunga, anakwenda kula. Saa mbili nzima zimeisha na kila mtu anasema dogo anakaza.

Sasa hesabu yake iko hivi. Mtu anayerudi mwanzo kila anapokosea, mwanzo wa wimbo ataupiga mara 30 na sehemu inayomshinda ataigusa mara chache tu, tena kila akiigusa anaigusa vibaya. Maana yake anaufanyia mazoezi mwanzo ambao tayari anaujua, na kosa lenyewe analifanyia mazoezi pia. Vidole havijui kama hilo ni kosa. Vinakariri kile vinachofanyishwa. Ukivifanyisha kosa mara kumi kwa siku, baada ya mwezi kosa hilo linakuwa sehemu ya wimbo.

Jambo hili siyo maneno ya kijiweni. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, Marekani, walitoa matokeo ya kazi waliyofanya na wanafunzi 17 wa piano. Wote walipewa kipande kifupi kigumu wajifunze, kesho yake wakaitwa wakipige na kupangwa kwa ubora. Wengi wangetegemea kwamba aliyekaa muda mrefu zaidi au aliyerudia mara nyingi zaidi ndiye angekuwa wa kwanza. Haikuwa hivyo. Waliofanya vizuri zaidi walikosea mwanzoni kama wenzao. Tofauti yao ilikuwa namna walivyolishughulikia kosa: walisimama palepale, wakatafuta hasa ni noti ipi inayosumbua, wakapunguza mwendo, wakakirudia kile kipande mpaka kikanyooka, ndipo wakaendelea. Hawakukimbilia mwanzo wa wimbo.

Ukisoma habari hiyo halafu ukamkumbuka Fundi na kijiwe chake, unaelewa kilichotokea Dodoma bila kumtafuta mchawi.

Binti wa Iramba na boksi lake

Kuna stori nyingine ambayo haisimuliwi sana kwa sababu haina kelele. Huko upande wa Iramba, karibu na Kiomboi, yupo binti mmoja mpiga kinanda. Kwao hakuna kinanda na hapakuwahi kuwa na hela ya kinanda. Alianza kwa kuangalia mikono ya mpiga kinanda wa kwaya kila Jumapili. Akarudi nyumbani, akachukua boksi la katoni, akalikata, akachora funguo nyeupe na nyeusi kwa vipimo vyake kamili, na jioni akishamaliza kazi akawa anaweka vidole kwenye boksi huku anaimba do re mi kwa mdomo.

Watu walimcheka sana. Mtu gani anapiga katoni?

Mwalimu wa kwaya alipomwona, hakucheka. Alimpa dakika 40 za kinanda cha kanisa kila Jumatano na kila Jumamosi kabla ya mazoezi ya kwaya. Dakika 40 tu, kwa sababu baada ya hapo kwaya inaingia. Na hizo dakika 40 ndizo zilizomfundisha. Alikuwa anakuja na daftari. Kwenye daftari ameandika: leo ni mstari wa pili, mkono wa kushoto, ile sehemu ya kuhama kodi. (Hizi kodi za muziki jamani, siyo zile za TRA.) Akifika hapigi wimbo wa kujifurahisha kwanza. Anakwenda moja kwa moja kwenye ile sehemu inayomkera. Mkono mmoja peke yake, kisha wa pili, kisha yote miwili polepole.

Mwendo wake alikuwa anaupima kwa saa ya ukutani. Saa ile inagonga tiki moja kila sekunde, yaani mapigo 60 kwa dakika, bure kabisa, bila bando. Noti moja kwa tiki moja. Ikikaa vizuri mara tano mfululizo bila kosa, anaweka noti mbili kwenye tiki moja. Ikivurugika, anarudi kwenye moja. Na zile dakika tano za mwisho ndiyo anapiga wimbo mzima mpaka mwisho, hata akikosea hasimami, kwa sababu Jumapili kwaya haitamsubiri arudi mwanzo.

Leo hii binti huyo kii yoyote unayomtajia anakupa. Muimbaji akianza juu, anamfuata juu. Akiteremka, anateremka naye. Hajawahi kurekodiwa akiwa kijiweni. Lakini kwaya tatu zinamgombania, na akienda kupiga kwenye harusi harudi mikono mitupu, hela anayopewa imemlipia mdogo wake sare za shule.

Weka watu hawa wawili pembeni, halafu jiulize nani alikuwa na chombo chake mwenyewe, nani alikuwa na masaa mengi zaidi, na nani amefika.

Ile habari ya masaa 10,000

Wapo vijana wanaojitetea kwamba tatizo ni masaa, kwamba mtu akifikisha masaa 10,000 anakuwa bingwa. Maneno haya yalienea sana baada ya kitabu cha Malcolm Gladwell cha mwaka 2008. Asili yake ni utafiti wa mwaka 1993 wa Anders Ericsson na wenzake kwa wanafunzi wa fidla wa chuo cha muziki kule Berlin. Ericsson mwenyewe alilalamika baadaye kwamba watu wamebeba namba wakaacha maana. Ile 10,000 ilikuwa ni wastani tu wa kundi la waliofanya vizuri walipofika miaka 20, siyo mstari wa kumalizia mbio. Alichokuwa anakisema ni kwamba wale bora walikaa peke yao, kwa makusudi, wakashughulika na udhaifu wao. Na walipumzika pia, walikuwa wanalala hata mchana.

Na hata hivyo mazoezi siyo kila kitu. Mwaka 2014 watafiti wengine walikusanya tafiti nyingi pamoja, wakaona kwa upande wa muziki mazoezi ya aina hiyo yanaeleza kama asilimia 21 ya tofauti kati ya mtu na mtu. Vilivyobaki ni mambo mengine. Sawa. Lakini hiyo 21 ndiyo sehemu ambayo kijana wa Singida anaweza kuishika kwa mkono wake leo jioni. Kipaji hakipandi kwa kukisubiri, na umri alioanzia kujifunza hauwezi kurudishwa.

Mambo haya hayakuanzia Ulaya

Isije ikaonekana ni mambo ya wazungu. Upande wa Manyoni wapo Wagogo, na Wagogo na muziki ni damu moja na ndugu zao wa Dodoma. Zeze, ilimba, ngoma za muheme ambazo wanawake ndio wanaozipiga. Hapa wale wanaosema binti hafai kukaa kwenye drams wajitafakari, maana bibi zao wamepiga ngoma kabla drams hazijafika. Ilimba ni chombo cha kushika mkononi, mtu anaweza kupiga hata anatembea. Hakihitaji umeme wala jukwaa wala mtu wa kurekodi.

Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa kijijini Doma huko Dodoma, alitoka na ilimba na zeze mpaka akawa mwalimu pale chuo cha sanaa Bagamoyo, hiki kinachoitwa TaSUBa sasa, na akazunguka dunia mpaka alipofariki mwaka 2003. Na siyo yeye peke yake aliyetokea bara. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilikwenda mpaka Osaka, Japani, kwenye maonesho ya Expo 70. Hawakuwa na YouTube ya kuwafundisha. Walikuwa na masikio na subira, na mtu mzima wa kuwaambia hapo umekosea, rudia.

Huyo mtu mzima ndiye anayekosekana kijiweni. Kijiwe kinashangilia, hakisahihishi. Mshkaji akikwambia "noma sana bro" haimaanishi amesikia kwamba noti ya nne ilikuwa chini.

Na kuna wanaosema gitaa la nini siku hizi, biti zote zinatengenezwa kwenye kompyuta. Biti ni kazi ya heshima, hakuna anayebisha. Lakini tamasha la Sauti za Busara kule Zanzibar tangu lilipoanza mwaka 2004 linataka wanamuziki wapige laivu, hakuna kupanda jukwaani na sidii. Hoteli zinataka laivu. Kanisa linataka laivu. Palepale Zanzibar kuna chuo cha DCMA tangu mwaka 2002 kinachofundisha udi, kanuni na fidla. Milango ipo. Tatizo ni kwamba kwenye mlango huo mtu hapimwi kwa video ya sekunde 30. Anapimwa kwa wimbo wa tatu, kii ikibadilika.

Sasa kuhusu lile kabati

Hapa ndipo lawama zinapotoka kwa vijana na kwenda kwa wakubwa. Singida ina vinanda. Ina magitaa. Ina drams. Vingi viko makanisani, vimefungwa kwenye kabati, ufunguo uko kwa mtu mmoja ambaye naye yuko shamba mpaka Jumamosi. Chombo kinapigwa masaa matatu kwa wiki, siku nyingine zote kinakula vumbi. Halafu wazee haohao wanalalamika kwamba vijana hawajui muziki, na kwenye mkesha mkubwa wanakodi mpiga kinanda kutoka mkoa mwingine.

Sababu zao zipo na hazistahili kubezwa. Kinanda kimenunuliwa kwa harambee ya miaka miwili, watu wametoa kuku na mahindi. Vijana wakikiharibu nani atalipa? Umeme nao unaliwa. Na kuna ile hofu kwamba vijana wakiachiwa watapiga Bongo Fleva ndani ya nyumba ya Mungu. Hofu hizo zina ukweli wake. Lakini dawa ya hofu zote tatu ni daftari la zamu. Kila kijana dakika 40, siku zinajulikana, anasaini kuingia na kutoka, mtu mzima mmoja yupo, spika zimezimwa, anatumia hedifoni yake. Kila anayetumia achangie kidogo cha umeme, na kitufe kikikatika kikundi kizima kilipe. Kijana ambaye ni mtukutu atajiondoa mwenyewe, maana dakika 40 za kurudia mstari mmoja bila mtu wa kukushangilia haziwafai watukutu.

Tena kwa maisha ya Singida dakika 40 ndizo zinazowezekana. Mvua zikianza watu wako shamba asubuhi, na kipindi cha mavuno ndiyo usiseme, alizeti haisubiri mazoezi. Kijana anayepanga masaa matano ya Jumamosi peke yake mara nyingi hayapati, na akiyapata vidole vinauma, akili imechoka baada ya saa la kwanza, na wiki inayofuata amesahau nusu. Aliyegusa chombo dakika 20 asubuhi na 20 jioni, siku tano, amelala mara tano juu ya alichojifunza, na kila asubuhi anaanzia alipoishia. Ndivyo mti unavyomwagiliwa, kidogokidogo kila siku. Pipa zima siku moja linaishia kuhamisha udongo.

Fundi siku hizi

Turudi kwa dogo wa Majengo, maana stori yake haijaisha. Wiki kadhaa baada ya Dodoma alipotea kijiweni. Watu wakasema ameuza gitaa. Hakuliuza. Jirani mmoja anayeamka mapema kuwahi stendi ndiye aliyetoa habari: saa kumi na moja alfajiri kuna gitaa linasikika ndani kwa kina Fundi, bila amplifaya, linapiga kitu kilekile polepole, polepole kabisa, kama mtoto anayejifunza kusoma. Noti nne. Kimya. Noti nne zilezile. Kimya. Kisha zilezile, nusu toni juu.

Na kitaa kimeshatoa hukumu: dogo ameshuka kiwango. Wanasema zamani alikuwa anapiga vizuri, sasa anajikwaa. Mama yake anaulizwa sokoni kama mwanawe anaumwa.

Hii ndiyo sehemu ngumu ambayo hakuna anayewaambia vijana. Mazoezi ya kweli yakisikika nje yanafanana na kushindwa. Mtu anayejifunza kitu asichokiweza lazima asikike hawezi, siku nyingi tu. Anayesikika vizuri kila jioni maana yake anarudia anachokijua. Ndiyo maana kijiwe kizuri kwa stori ni sehemu mbaya ya kujifunzia. Makofi yanamvuta mtu arudi kwenye ile sebene yake ya zamani, na dogo akivutika sasa hivi, alizeti ya mama yake itakuwa imenunua kelele tu.

Kwa hiyo kitaa kimwache apige vibaya kwa muda. Asiulizwe. Asiombwe ile sebene. Bendi za Dodoma hazitaisha, na mabasi yapo kila siku.

Na wazee wa makanisa nao wana swali lao la kujibu, kwa sababu kwa kila Fundi mwenye gitaa lake kuna mabinti na vijana kadhaa wenye maboksi ya katoni. Lile kabati lifunguliwe kwa zamu, au liendelee na kufuli mpaka Jumapili? Wadau wa Singida, Iramba, Ikungi, Mkalama na Manyoni, uwanja ni wenu.